Shajara ya bwawa la kobe uani: Garland, Texas, Machi hadi Oktoba 2024

Jumamosi, 2 Machi

Kobe wetu wawili wamekaa gerejini miaka miwili sasa, kwenye beseni la plastiki la galoni 100, chini ya taa. Tulipewa na mama mmoja tunayesali naye. Kijana wake alienda chuo, kobe wakabaki, naye hakuwa na moyo wa kuwatupa. Ni kobe wa maji wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, Trachemys scripta elegans kwa jina la kitaalamu, wenyeji wa mito ya huku huku Texas na majimbo ya jirani. Jike tunamwita Shangazi. Gamba lake lina sentimita 26 na humtazama kila apitaye kana kwamba anamdai. Dume ni Kucha, sentimita 15 tu. Jina lake limetokana na kucha ndefu za mikono ya mbele, ambazo humpepea nazo Shangazi usoni akitaka kuposa. Kwa tunavyoona, Shangazi hajawahi kukubali.

Aina hii huishi miaka 30 na zaidi. Nikizembea, binti yangu atarithi beseni. Kwa hiyo tunajenga: bwawa, jukwaa la mbao linalotokeza juu ya maji ili wapate kivuli na maficho, na baraza la pevingi kwa ajili yetu sisi tusio na magamba. Bajeti ni dola 1,500. Msicheke bado.

Kwa atakayetaka kunakili akiwa nyumbani: Tanzania na Kenya kobe ni mnyamapori, kumfuga bila kibali ni kosa. Na hawa wa Marekani wakiachiwa mtoni ni balaa. Wamo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote duniani. Mwenye hamu ya kobe avuke aende Changuu akawalishe majani yale majitu yaliyotoka Shelisheli. Jingine ni salmonela, bakteria wa kuharisha wanaobebwa na kobe. Tangu 1975 ni marufuku Marekani kuuza kobe mwenye gamba chini ya inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Hapa kwetu ukigusa kobe, au hata maji yake, unakwenda kunawa kwa sabuni, na hakuna mjadala.

Vipimo: mita 3 kwa 2 juu, rafu ya kina cha sentimita 30 kuzunguka, katikati sentimita 90. Jumla kama lita 3,000. Mke wangu aliuliza kwa nini kina chote hicho. Nilimkumbusha Februari 2021, Dallas hapa jirani iliposhuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri na umeme ukakatika sehemu kubwa ya jimbo. Bwawa la kina kifupi lingeganda hadi chini na kobe wangegandia humo.

Jumanne, 12 Machi

Kabla ya kuchimba hapa unapiga 811, namba ya simu ya kuomba uoneshwe mabomba na nyaya zilizofukiwa. Ni bure. Baada ya siku mbili tatu wanakuja watu na makopo ya rangi: njano ni gesi, nyekundu umeme, machungwa simu na intaneti, bluu maji. Njano ilipita katikati kabisa ya bwawa langu, pale pale nilipokuwa nimechomeka vijiti. Nimelisogeza mita 2 hadi karibu na mpekani. Nimeshukuru, ingawa najua mti huo utaniletea majani.

Jumapili, 24 Machi

Tumechimba siku mbili, watu wanne, kwa chepe na sululu. Malipo yalikuwa nyama choma na ugali.

Nilipotoa tabaka la kwanza la nyasi nikacheka. Udongo huu naujua. Mweusi, unanata kwenye chepe kama gundi, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Shinyanga tunauita mbuga. Huku unaitwa Houston Black na wanauhesabu kuwa udongo wa jimbo. Ni ule ule: ukinywa maji unavimba, ukikauka unajikunja na kuvuta kila kilichosimama juu yake. Watu wa mtaa huu humwagilia misingi ya nyumba zao wakati wa kiangazi ili isipasuke. Nilipofika hapa mara ya kwanza nikaona jirani anamwagilia ukuta, nikadhani kachanganyikiwa.

Makosa ya siku: tulirundika udongo karibu na ukingo. Usiku mvua ikanyesha, nusu ukarudi shimoni. Utupeni mbali, hata kama toroli inachosha.

Jumatatu, 8 Aprili

Jukwaa limesimama: mita 3 kwa 2.4, linatokeza sentimita 50 juu ya maji. Fremu ni mbao zenye dawa, dola 260. Mbao za juu na zote zinazokaribia maji ni mwerezi, dola 340, kwa sababu dawa ya mbao siku hizi ni ya shaba na shaba haipatani na viumbe wa majini. Vitofali vya miguu na skrubu, dola 95. Sikumwaga zege, kwenye mbuga nguzo ya zege fupi husukumwa juu na kushushwa kila msimu. Jukwaa limekaa tu juu ya vitofali kwenye kokoto, na likiinama nitaliinua kwa jeki ya gari.

Saa saba na dakika 40 mchana jua lilipatwa lote. Tulikuwa tumekaa kwenye mbao ambazo hazijapigwa skrubu zote. Karibu dakika nne za giza, ndege wakanyamaza, taa za mtaa zikawaka. Binti yangu alikimbia gerejini kuwaangalia kobe. Wao chini ya taa yao hawakuwa na habari.

Jumamosi, 20 Aprili: maji yamenikana

Raba ya bwawa, EPDM, futi 15 kwa 20, dola 310. Hesabu yake: urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 60 za kulalia ukingoni, upana vivyo hivyo. Wengi husahau kina. Chini ya raba nimetandika mazulia ya zamani niliyopewa na jirani aliyekuwa akibadilisha sakafu. Bure, na mazito kuliko kitambaa kinachouzwa dukani.

Tukafungulia mpira. Saa nne baadaye maji yamegusa ukingo wa magharibi na yanaanza kumwagika kwenye nyasi, huku upande wa mashariki raba iko wazi sentimita 6. Na mimi nilipima! Nilikuwa na pimamaji ya sentimita 60, nikaisogeza kuzunguka ukingo wote, kiputo katikati kila mara.

Nikampigia mjomba kwa video. Mjomba ni fundi mwashi Shinyanga tangu kabla sijazaliwa, na kule ilikuwa imeshapita saa sita usiku, lakini simu yake huwa hailali.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona umekunja uso, mmefiwa?"

"Hapana mjomba. Bwawa limepinda."

"Bwawa halipindi, maji hayajui kupinda. Ukingo ndio umepinda. Nioneshe ulipimia nini."

Nikamwonesha. Akaitazama ile pimamaji kwa muda.

"Sasa mita kumi za ukingo umezipima kwa kipande cha rula? Kila ukisogeza unaongeza kosa dogo. Ukimaliza mzunguko una makosa kumi na saba yamepangana. Mpira wa levo huko hakuna?"

Mpira wa levo. Nimeushika mwaka mzima nilipokuwa nikimsaidia likizo, mimi ncha hii, yeye ncha ile, akifoka "tuliza!" Halafu nimekuja Marekani nikausahau, nikawa nasoma mtandaoni kuhusu vipimo vya leza vya dola 200.

Nimenunua mpira mwangavu wa mita 12, dola 9. Unaujaza maji, unainua ncha zote mbili, na maji ya ncha hii yatakuwa usawa mmoja na ya ncha ile hata kama kati yao kuna mti. Jaribio la kwanza lilinipa jibu tofauti na la bwawa lenyewe, nikaanza kumshuku mjomba. Kumbe ndani ya mpira kulikuwa na kiputo cha hewa kimejificha pale ulipojikunja. Utandazeni mpira, upigepige, mwangalie urefu wote kabla ya kuamini. Na maji meupe hayaonekani vizuri juani. Tumeyatia rangi kwa juisi ya rozela iliyobaki kwenye friji. Mstari mwekundu, hauhitaji miwani.

Tulikunja raba ya magharibi, tukaongeza udongo na kuushindilia tabaka kwa tabaka, kisha tukapima upya pointi 14. Sasa tofauti ni milimita 5.

Jumamosi, 4 Mei

Fundi umeme mwenye leseni ameweka soketi ya nje, ile inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Dola 420. Hii sikujaribu mwenyewe na sikushauri.

Mawe ya kupamba ukingo, dola 230. Nimeyakandika kwa saruji na mchanga, kazi safi, mjomba kwenye video akasema "angalau hilo hukusahau". Saruji na vifaa, dola 64. Zikumbukeni hizo 64.

Jumapili, 19 Mei: samaki sita

Tulitia samaki wadogo sita wa kula viluwiluwi vya mbu. Kesho yake wote wamegeuza matumbo juu.

Nilidhani ni klorini. Nikaongeza dawa ya kuiondoa, ingawa nilikuwa nimeshaweka ya kutosha, nikanunua samaki wengine wanne. Nao wakaenda. Hapo ndipo nilipotoa karatasi za kupimia pH, yaani kiasi cha asidi au alkali kwenye maji, ambazo zilikuwa ndani ya pakiti muda wote. Rangi ilikwenda hadi mwisho wa kadi: zaidi ya 9. Ukiangalia maji asubuhi kulikuwa na utando mweupe juu, nami niliudhani ni chavua.

Ilikuwa saruji yangu. Saruji mbichi hutoa chokaa kwa wiki nyingi, na kila mvua ilikuwa ikiosha chokaa ya mawe na kuimwaga bwawani. Mwashi anayejenga tangi la maji ya kunywa huliloweka na kumwaga maji mara kadhaa kabla halijatumika, hilo nalijua toka utoto. Lakini pambo la ukingo sikulihesabu kuwa ni tangi.

Nimebandua saruji yote kwa tindo siku mbili. Mawe nimeyasugua kwa siki na kuyapanga makavu, mazito chini, yakibana raba yenyewe. Yamekaa vizuri vile vile. Nimetoa nusu ya maji ili nijaze mengine.

Kutoa nusu ya maji kulinigharimu zaidi ya saruji.

Jumamosi, 1 Juni: kiboko

Jumanne ya 28 Mei alfajiri ilikuja dhoruba. Waliokuwa Dallas wanaijua: upepo uliong'oa miti, umeme ukakatika kwa maelfu kwa maelfu ya nyumba. Kwetu ulirudi Alhamisi. Bwawa lilikuwa na maji nusu tu, nikisubiri wikiendi nimalizie.

Kulipopambazuka nikatoka kuangalia jukwaa. Jukwaa zima. Lakini katikati ya bwawa kulikuwa na mgongo mweusi, mkubwa, unaong'aa, umeinuka nje ya maji. Kwa sekunde moja nilirudi nyuma hatua mbili. Mtu aliyekulia karibu na maji ya Kanda ya Ziwa hawezi kuona mgongo wa namna ile akasimama.

Ilikuwa raba. Udongo wa mbuga ukishajaa maji haupitishi, na shimo langu ni bakuli. Mvua iliteremka pembeni mwa raba ikajikusanya chini yake, na kwa kuwa maji ya juu yalikuwa nusu, hayakuwa na uzito wa kuikandamiza. Maji ya chini yakashinda. Baadaye nikaja kujua kwamba wenye mabwawa Waingereza na Wamarekani nao hukiita kiboko. Sikuhitaji kuelezwa kwa nini.

Nilichojaribu kwanza ni upumbavu: niliingia nikakikanyaga. Kikahamia upande wa pili. Binti yangu alirekodi, na video hiyo imeshafika Shinyanga.

Kilichofanya kazi: nimechimba kisima chembamba kando ya bwawa, sentimita 110, yaani chini zaidi ya sakafu ya bwawa. Nimesimamisha bomba lenye matundu, kokoto kulizunguka, na mfereji mwembamba wa kokoto unaoingia chini ya raba. Bomba na viungo dola 45. Maji yanakimbilia kisimani, pampu ya kuazima inayatupa mtaroni. Kiboko kililala ndani ya saa mbili. Kisha nikajaza bwawa upesi mpaka juu.

Pia nimeinua ukingo sentimita 10 kuliko nyasi, maana maji ya uani yalikuwa yakiingia na mbolea ya nyasi za jirani. Na sasa kuna kanuni: kwenye udongo mfinyanzi usipunguze maji ya bwawa wakati ardhi imelowa. Ukilazimika, toa kidogo na urudishe siku hiyo hiyo.

Jumamosi, 15 Juni

pH 7.8, wiki mbili mfululizo. Samaki watano wazima. Kobe wamehamia leo.

Shangazi alikaa ukingoni dakika ishirini. Kisha akajitosa bila kelele, akapotea chini ya jukwaa, na hatukumwona mpaka jioni. Kucha aliogelea kwa kasi hadi kwenye ukuta wa raba akagonga pua, akageuka, akaenda tena. Miaka miwili kwenye beseni. Hakuwa anajua kama maji yanaweza kuendelea.

Jumapili, 23 Juni: chujio

Kobe wawili wanachafua maji kuliko samaki hamsini. Pampu yangu ya kwanza, dola 89, ina kijisanduku cha sponji. Iliziba baada ya siku moja. Nikaisafisha. Ikaziba. Siku ya tano nilikuwa naamka alfajiri kukamua sponji kabla ya kwenda kazini, na amonia, sumu itokanayo na uchafu wao, bado inapanda.

Nimeacha sponji nikageukia hori. Hapa maduka ya wafugaji yanauza hori la kunyweshea ng'ombe, galoni 100, dola 120. Liko juu ya vitofali nyuma ya bwawa. Pampu mpya inayomeza uchafu, dola 140, inasukuma maji hadi chini ya hori kupitia bomba lenye matundu. Maji yanapanda taratibu kupitia kokoto, yanafurika kwenye mdomo mmoja na kurudi bwawani kama kijito. Kokoto dola 110, mabomba dola 70. Kwenye kokoto wanaota bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitreti, halafu mimea inakula nitreti. Kokoto kubwa chini, ndogo juu, na weka bomba pana la wima lenye kifuniko ili uweze kunyonya matope ya chini. Nilisahau hilo bomba mara ya kwanza, nikamwaga kokoto zote tena kwa mkono.

Mimea lazima iwe horini, siyo bwawani. Mayungiyungi mawili niliyotia bwawani yaliliwa kwa siku tatu hadi shina. Horini nimepanda maua ya kana na magimbi. Magimbi yalitoka duka la Waasia, yalikuwa ya kupika. Mawili yalikuwa yameshachipua, nikayapeleka horini. Yamefika kiunoni na yanakua kwa kiburi. Majani mabichi yanawasha, kwa hiyo nimehakikisha kobe hawayafikii.

Ile pampu ya dola 89 haikutupwa, imehamia kwenye kisima cha kiboko. Maji safi inayaweza.

Jumapili, 30 Juni: Shangazi hayupo

Uzio wa kwanza ulikuwa wavu wa kuku, sentimita 40, dola 58. Asubuhi hii Kucha yuko peke yake juani. Tumetafuta chini ya jukwaa, nyuma ya hori, kwenye magimbi. Saa tano jirani, mzee wa Kimeksiko aliyetupatia toroli, akabisha hodi akiwa amembeba mikono miwili kama sinia. Alimkuta kwenye kitanda chake cha pilipili.

Wavu kwa kobe ni ngazi. Nimeusimamia nikamwona Kucha akionesha namna: kucha kwenye tundu, mguu kwenye tundu, na pembeni ambapo nyavu mbili zinakutana anajibana na kupanda wima.

Uzio mpya ni mbao laini, sentimita 45 juu na 20 chini ya ardhi, na ubao wa kulala unaochungulia ndani sentimita 10. Pembe zote nne nimezifunika kwa pembetatu za mbao. Dola 165.

Jumamosi, 6 Julai

Uzio mzima, lakini Shangazi hakutulia. Anazunguka kando ya mbao tangu alfajiri, hali chakula, anafukua hapa na pale kwa miguu ya nyuma, anaacha. Udongo wa mbuga wakati huu ni tofali. Nikaanza kuwaza mganga wa wanyama.

Alhamisi waliniletea mchanga na kokoto za baraza. Nikavimwaga ndani ya uzio kwa sababu ndiko baraza litakakoanzia. Jana saa kumi na mbili jioni Shangazi alipanda lundo la mchanga, akaloanisha mahali kwa maji aliyoyabana mwilini, akachimba kwa miguu ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, bila kugeuka kutazama hata mara moja. Tulikaa kimya kwenye jukwaa. Shimo lilikuwa la umbo la chupa, mdomo mwembamba. Alitaga mayai tisa, kila moja akilipanga kwa mguu kama anayeweka vikombe kabatini, akafukia, akashindilia kwa tumbo. Ukipita leo hujui kama pamechimbwa.

Kumbe safari ya kwenye pilipili haikuwa utoro. Alikuwa akitafuta pa kutagia. Kobe jike hutaga hata bila dume, na akikosa mahali, mayai yanaweza kumkwama tumboni na kumuua. Hakuna mwongozo hata mmoja kati ya niliyosoma kuhusu kuchimba bwawa ulioniambia nitenge mchanga. Tengeni: mita moja kwa moja, kina cha sentimita 40, mahali penye jua.

Na kuhusu Kucha (hili nimeliongeza baadaye): tulimulika mayai mawili kwa tochi baada ya siku chache, na yalikuwa na ukanda mweupe katikati, dalili kuwa yamerutubishwa. Hatuna pa kuweka kobe tisa wa miaka 30. Mayai tumeyatoa siku hiyo hiyo na kuyagandisha. Binti yangu hakuongea na mimi mpaka Jumatano.

Jumapili, 21 Julai

Baraza limekamilika, dogo kuliko mchoro kwa sababu mita moja ya mraba imekuwa ya Shangazi. Pevingi dola 380, kokoto na mchanga dola 150. Chimba sentimita 20, shindilia kokoto tabaka mbili, mchanga wa sentimita 3, panga, jaza mchanga kwenye nafasi. Mteremko wa sentimita 2 kila mita, ukielekea mbali na bwawa. Mpira wa levo umetumika tena, mara hii nilianza nao.

Jumamosi, 24 Agosti

Nyuzi 40 kivulini wiki nzima. Maji juu yalifika 33, chini ya jukwaa 29, na kobe wameshinda huko. Yanapungua kama sentimita 1 kwa siku kwa jua tu. Ninaongeza alfajiri, na dawa ya klorini kila mara.

Rakuni, mnyama mwizi wa usiku wa huku, alikuja mara mbili. Kamera ilimwonesha amesimama kwenye rafu ya sentimita 30, maji tumboni, akipapasa chini ya jukwaa kwa mikono kama mtu anayetafuta funguo. Rafu niliyoichimba kwa ajili ya mimea, ambayo kobe waliila, imekuwa baraza lake. Nimeijaza mawe makubwa yaliyoinama ili asipate pa kusimama, na chini ya jukwaa nimefunga ubao wenye mlango wa upana wa Shangazi tu. Hajarudi, au amerudi na hajaona faida.

Ningechimba leo, nisingeweka rafu kabisa. Kuta wima, na ngazi moja ya mbao ya kutokea.

Jumapili, 29 Septemba: fedha

Raba 310. Jukwaa 695. Umeme 420. Mawe 230. Pampu, hori, kokoto na mabomba 440. Kisima cha kiboko 45. Uzio wa mbao 165. Baraza 530. Vipimo, dawa, mpira wa levo na samaki 60. Pampu ya kwanza 89. Hasara tupu, saruji na wavu wa kuku, 122. Jumla dola 3,106.

Mke wangu amezidisha bajeti kwa mbili na bado haikufika. Ameiandika kwenye kalenda ya jikoni bila maneno yoyote pembeni.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mpekani umeanza kumwaga majani. Wavu mwepesi umefunika bwawa usiku. Maji nyuzi 22. Shangazi amepunguza kula. Yakishuka chini ya 15 nitaacha kuwalisha kabisa, chakula kisije kikaoza tumboni.

Mvua ya kueleweka haijanyesha tangu Agosti. Ufa umetokea kati ya baraza na jukwaa, mkono wangu unaingia hadi kwenye kifundo. Asubuhi hii, nikinywa chai, nimeona raba nyeusi upande wa mashariki, sentimita 3 juu ya maji. Magharibi maji yamegusa jiwe.

Nimeutoa mpira gerejini. Rozela ipo kwenye friji.